Mbio za farasi maili 25: zawadi apewe aliyevuka mstari wa kwanza au mwenye farasi aliyefika mzima?

Mzee wa Kwato:
Wakuu habari za jumapili. Najua wengi humu farasi mnamjua wa kwenye sinema na wale wa kupigia picha ufukweni, ila nivumilieni, nina jambo linanikaa rohoni tangu jana na sina wa kumwambia, wife ameshasema nikitaja farasi tena leo nitalala sebuleni.

Mi niko Marekani, California, huu mwaka wa tisa. Kazi yangu ni nyingine kabisa ila weekend nasaidia kwenye zizi la bibi mmoja mzee hapa jirani, anafuga farasi wa Kiarabu, mwanzoni nilikuwa nazoa mavi tu na kujaza maji, siku zikaenda nikafundishwa kupanda, mwisho nikaanza kupewa jike moja jekundu niwe namfanyisha mazoezi. Ndo nikaingia kwenye huu mchezo wanauita endurance, yaani mbio za masafa za farasi. Sio zile za kuzunguka uwanja watu wanabeti, hizi ni porini, milima na mawe. Kubwa yao ni Tevis Cup, maili 100 kwa siku moja, ilianza 1955, inatoka karibu na Lake Tahoe inashuka mpaka Auburn. Chama chao American Endurance Ride Conference kipo tangu 1972 na kaulimbiu yao ni kwamba kumaliza ndo kushinda.

Sasa sisi wachanga tunaanzia masafa mafupi, maili 25 mpaka 35. Maili 25 ni kama km 40 hivi, unapewa masaa 6, na humo ndani yamo mapumziko ya lazima ambapo daktari wa wanyama anamkagua farasi. Kwenye maili 50 kuendelea anayevuka mstari kwanza ndo wa kwanza, ili mradi farasi akikaguliwa baadae aonekane mzima. Kwenye masafa mafupi ni tofauti, na hapa ndo nilipokula za uso: saa yako haisimami ukivuka mstari, inasimama mapigo ya moyo ya farasi yakishuka mpaka 60 kwa dakika. Una nusu saa. Yasiposhuka, hujamaliza.

Nililijua hilo, nililisoma kabisa. Ila jana saa moja asubuhi tumeachiwa, jike langu lina moto, linaona wenzie wanaondoka linavuta lijamu mpaka mikono inakufa ganzi, nikajiambia ah, twende. Tukaenda na kundi la mbele. Mzunguko wa kwanza maili 13 tukapiga kwa saa moja na dakika chache, nikajiona bingwa. Kituoni mapigo yakachukua dakika 14 kushuka, daktari akaweka stethoskopu ubavuni akasikiliza utumbo akasema huku kumekuwa kimya, mpunguze. Mi nikasikia "mpunguze" nikaelewa "uko wa nne".

Mzunguko wa pili nikavuka mstari wa tatu, kwa shoti, watu wanapiga makofi. Mapigo 96. Namwagia maji, nakwangua, namwagia, nakwangua. Dakika ya 10 ni 80. Dakika ya 20 ni 72. Dakika ya 28 ni 66. Dakika ya 30 yule dada wa mapigo akaniangalia akasema 64, pole. Maili 25 zote wakuu, na hata ndoo sikupata.

Alafu wakati nahangaika na sponji, kuna bibi wa miaka sabini na kitu akaja ameshuka, anamkokota farasi wake kwa miguu, taratibu kama anatoka kisimani, dakika 25 nyuma yangu. Mapigo yakapimwa hapohapo, 58. Akawa wa tano.

Swali langu kwenu: kwanini basi wanaendelea kutoa zawadi za kumi bora kwa maili 25? Mi naona zile zawadi ndo zilinitia wazimu.

kichwangumu:
Ngoja nielewe. Unaamka saa kumi usiku, unakimbiza farasi km 40, unatoka na upele wa makalio, zawadi ni NDOO?

Mzee wa Kwato:
Ndoo, au fulana, au ile chuma ya kuchokolea kwato. Kila anayemaliza anapata. Kumi bora wanapata ndoo nzuri zaidi 😂 Na yule wa mwisho kabisa ndani ya muda, sehemu nyingi anapewa zawadi wanaiita ya kobe.

Binti Pangani:
Mzee wa Kwato usilaumu ndoo, jilaumu wewe. Hakuna aliyekutuma. Ndoo haina miguu.

kichwangumu:
Sasa mi nakupinga mkuu. Mashindano ni mashindano. Ukiondoa wa kwanza wa pili wa tatu mnabaki mnatembeza farasi tu, hiyo si bora mkapande mlima kwa miguu. Na si umesema mwenyewe mapigo lazima yashuke 60? Basi sheria tayari inamlinda mnyama, aliyemchosha farasi kashaadhibiwa kama wewe ulivyoadhibiwa. Anayeweza kukimbia na mapigo yakashuka kwa dakika 3 si ndo kamfundisha vizuri? Kwanini anyimwe sifa yake.

Mzee wa Kwato:
Hoja yako ina nguvu na hata kambini wapo wanaosema hivohivo. Ila kuna vitu viwili. Kwanza, maili 25 ndo wanapoletwa farasi wadogo, wa miaka minne wanaruhusiwa, maili 50 mpaka awe na mitano. Na ndo wanapokuja wapandaji wageni kama mimi tusiojua kusoma mnyama. Yaani mnaweka zawadi ya mbio pale penye wajinga wengi na mifupa michanga. Pili, ile 60 inapima moyo. Haipimi mshipa wa mguu, haipimi mgongo. Moyo wa farasi wa Kiarabu unakuwa mzuri baada ya miezi michache ya mazoezi, mishipa na mifupa inachukua miaka. Kwahiyo kuna farasi moyo unasema twende na miguu bado haijakomaa.

Dr Malisho:
Habari wadau. Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA Morogoro, farasi nimewagusa kwa uchache maana kazi yangu kubwa ni ng'ombe, lakini hapa naomba niongeze.

Farasi aliyetulia moyo unapiga kama 28 mpaka 44 kwa dakika. Kwahiyo 60 sio kupumzika, ni kwamba anaelekea kupumzika. Ukiona 64 baada ya nusu saa nzima na maji yote hayo, huyo mnyama ana deni, aidha joto limebaki ndani, aidha maji yamepungua mwilini, aidha kuna mahali panauma. Na ule utumbo kimya ndio ungenitisha mimi kuliko mapigo. Mnyama akikimbia sana damu inaacha tumbo inaenda kwenye misuli, utumbo unalala, na farasi hatapiki, tumbo likikorofisha ni msala.

Jambo lingine watu hawalijui: jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko damu yake mwenyewe. Wewe ukitoka jasho unabaki na chumvi kwa wingi kuliko maji, kiu inakubana unakunywa. Farasi anatoa maji na chumvi vyote kwa pamoja, kwahiyo ubongo hauoni tofauti, kiu haiji. Anaweza kuwa amekauka na ukimpelekea ndoo anaigeuzia uso. Ndio maana mnaona watu wanawawekea elektrolaiti, yaani hizo chumvi, mdomoni kwa bomba. Lakini usimpe farasi ambaye hajanywa maji kabisa, unamwongezea tatizo.

Vipi alikula baada ya hapo?

Mzee wa Kwato:
Daktari asante, hapo umenigusa. Hakula kwa karibu saa nzima. Alisimama tu na majani yametundikwa mbele yake, masikio kayalegeza pembeni, mdomo wa chini unaning'inia. Nilikuwa nashika fizi kila dakika, nabonyeza kwa kidole panakuwa peupe nahesabu mpaka damu irudi, nahesabu moja, mbili, na tatu. Bibi mwenye farasi hakunigombeza hata kidogo, alileta kiti akakaa karibu na ndoo akanyamaza. Afadhali angenitukana. Kwenye saa saba hivi jike akachukua fungu moja la majani, akalitafuna nusu akaliachia. Alafu akachukua lingine. Mi nikaenda nyuma ya trela nikafuta macho, wabongo wawili tu tulikuwa kambi nzima na mwenzangu aliniona.

kichwangumu:
Sawa hapo sina la kusema. Pole mkuu.

Mswahili wa Maskati:
Mimi nipo Oman na kabla nilifanya miaka mitatu kwenye mazizi ya upande wa Imarati. Hapa kuna watu wengi wa kwetu, Wakenya, Waganda, Wabongo, wengi kazi yao ni kushika farasi, kuosha, kuwatembeza, na kukimbia na chupa za maji pembeni ya njia, gari inakwenda sambamba na farasi mnatupa maji shingoni.

Nyie mnalalamikia ndoo, huku zawadi ni magari na pesa nzito. Na jangwa ni tambarare hakuna mlima wa kumpunguza mtu, kwahiyo farasi wanapelekwa kasi ambayo huko kwenu kwenye mawe hamuiwezi hata mkitaka. Matokeo yake kila mtu anayajua, 2015 shirika la dunia la farasi, FEI, lilisimamisha uanachama wa chama cha Imarati kwa muda kwa sababu ya haya mambo, na 2016 ubingwa wa dunia ulikuwa ufanyike Dubai ukahamishwa kupelekwa Slovakia.

Lakini subiri, hapohapo Abu Dhabi kuna kijiji cha mbio kinaitwa Bouthieb, marehemu Sheikh Sultan bin Zayed alileta sheria zake tofauti: kasi isizidi km 20 kwa saa, mapigo yashuke mpaka 56, na zawadi akazitawanya, hakumpa wa kwanza peke yake, waliotii na farasi wao wakawa na hali nzuri nao wakatuzwa. Watu walicheka mwanzoni. Lakini nauliza, unadhani mkufunzi akijua zawadi ipo kwenye mapigo atamwambia mpandaji nini asubuhi? Atamwambia polepole. Anayepanda anafanya anacholipiwa. Hiyo ndo hoja ya Mzee wa Kwato, ila yeye kailetea machozi.

Binti Pangani:
Umemaliza. Mimi niko Uingereza, sipandi ila mwanangu anapanda vijifarasi. Huku kwenye masafa mafupi wana mtindo wa madaraja. Hakuna wa kwanza wala wa pili, wanachukua kasi yako na mapigo ya farasi mwisho wanapiga hesabu, unapewa daraja la kwanza, la pili, mpaka la nne. Na kuna kasi ya chini na kasi ya juu, ukizidi ya juu umeondoka mtupu. Mwanangu mara ya kwanza aliwahi sana, ikabidi akae karibu na mstari wa mwisho anachezea simu mpaka dakika zifike 😂 farasi anakula majani ya watu.

kichwangumu:
Sasa hiyo nayo ni mbio gani, unafika alafu unasubiri kwenye kona kama mtu anayedaiwa.

Punda wa Amu:
Salaam. Mimi ni mtu wa Amu, farasi hatuna, tuna punda. Mashindano ya punda ya Maulidi hapa pwani ni mafupi mno, mtu haweki hata tandiko, na mshindi ni mshindi, kijiji kizima kinampokea. Lakini nakwambia punda wa kushinda hulishwa na kutunzwa miezi kabla, na hapa kuna kliniki ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, tangu 1987, ukimleta punda ana kidonda mgongoni wanakusema mbele za watu. Haya ya watu kujua ndio yalobadili tabia zetu kuliko zawadi. Mtu wa Amu ukimwambia punda wako ana kidonda ni kama umemwambia mkeo ana njaa.

Mzee wa Kwato:
Hiyo ya Amu nimeipenda. Na inanileta kwenye hii tuzo nyingine, ambayo nikisema zifutwe za kumi bora mjue hii naitetea kufa na kupona. Inaitwa tuzo ya hali bora. Kwenye Tevis inaitwa Haggin Cup na wapo wanaoiheshimu kuliko ya kuwahi.

Hesabu yake iko hivi, na kichwangumu shika kalamu. Kumi wa kwanza waliomaliza wanaruhusiwa kumleta farasi akaguliwe tena baada ya saa moja. Daktari anatoa alama 1 mpaka 10 kwenye mambo matano: moyo ulivyorudi, maji mwilini, vidonda na michubuko ya tandiko, kuchechemea, na ubora wa mwendo. Kila alama inazidishwa kwa 10, jumla 500. Muda una 200, unapoteza moja kwa kila dakika uliyochelewa nyuma ya wa kwanza. Uzito una 100, mpandaji mzito kuliko wote anachukua zote na wengine wanapungua nusu alama kwa kila ratili (paundi), uzito na tandiko pamoja.

Sasa angalia. Jamaa kafika wa kwanza, mzito ratili 210, muda 200, uzito 100. Daktari kampa farasi wake 7, 8, 9, 9, 8, jumla 41, yaani 410. Wote 710. Mama kafika dakika 14 baadae, ana ratili 170, muda 186, uzito 80. Farasi wake kapata 9, 9, 9, 10, 9, jumla 46, yaani 460. Wote 726. Mama kachukua.

Mnaona ilipo siri? Dakika moja ni alama moja. Lakini daktari akikushusha kutoka 9 kuja 8 kwenye kitu kimoja tu, kumi zimeondoka. Yaani umeua farasi mlima mzima upate dakika kumi, alafu anatokea anachechemea kidogo tu kwenye kona, umefuta zote. Mi hii hesabu nilikuwa naiona kwenye karatasi kila siku na sikuwahi kuielewa mpaka nimekaa na bibi mwenye zizi jana usiku akaniandikia kwenye bahasha ya bili ya umeme.

kichwangumu:
Nimepiga, imekuja sawa 726. Kumbe nyie watu mna akili. Sasa hapo si ndo mbio zenyewe, mbona ulisema zifutwe.

Mzee wa Kwato:
Nimesema zawadi za KUMI BORA zifutwe kwenye masafa mafupi, muda waendelee kuandika. Wapo waandaaji wameshafanya hivyo, kila mtu ndoo moja sawasawa na hali bora juu yake. Sijawaona wamekosa watu.

lodilofa:
naomba kuuliza mimi mgeni wa uzi, kwa mwendo gani sasa mtu asiue farasi na pia asipitwe na muda? maana masaa 6 naona kama mengi

Mzee wa Kwato:
Masaa 6 toa mapumziko ya saa moja yanabaki 5, km 40 gawanya kwa 5 ni km 8 kwa saa. Farasi akitembea tu anaenda kama 6. Kwahiyo kutembea njia yote hutoboi, ila ukiweka mchakamchaka wa wastani kwenye tambarare, ukatembea kwenye miteremko mikali, wastani unakuja 10 au 11 bila hata kuona shoti. Nilivyofundishwa sasa hivi: usiondoke na kundi. Kaa nyuma dakika kumi kumi na tano mpaka vumbi lipotee, farasi akiwa haoni wa kumfukuza akili inarudi. Maji ya kwanza hata asipokunywa simama, mwache aone wenzie wanakunywa. Na maili ya mwisho shuka, legeza mshipi wa tandiko, tembea naye. Yule bibi wa jana hakuwa amechoka wakuu, alikuwa anashusha mapigo njiani wakati mi nashusha kwenye foleni.

Dr Malisho:
Na maji mwagia shingo, kifua na ndani ya mapaja kwenye mishipa mikubwa, usiache kumwagia mpaka ngozi ipoe.

Mzee wa Kwato:
UPDATE wakuu, wiki sita baadae, kwa waliokuwa wanauliza inbox.

Tumerudi juzi. Jike lilikaguliwa, likapumzishwa wiki tatu, mazoezi taratibu. Safari hii niliachia kundi likaondoka, jike likalia, likarusha matako, nikaimba taarabu mpaka likachoka na mimi. Mzunguko wa kwanza saa moja na dakika 50. Kituoni mapigo 60 ndani ya dakika 3, utumbo unanguruma kama lori la mchanga. Maili ya mwisho nikashuka. Tulivuka mstari, dada akaweka stethoskopu, 60 hapohapo. Nafasi ya tisa. Kwahiyo nikaruhusiwa kusimama hali bora.

Moyo 9. Maji 9. Mguu 10. Mwendo 9. Tandiko na michubuko... 6. Sita! Nyuma ya kiwiko chini ya mshipi kulikuwa na mchubuko wa ukubwa wa sarafu, manyoya yametoka, akiguswa anasogea. Thelathini zimeondoka hapo hapo ukilinganisha na 9, na tulikosa kwa alama 22.

Punda wa Amu:
Nilisema kidonda.

Mswahili wa Maskati:
Mshipi ulikuwa wa nini, ngozi au ule wa sponji? Ule wa sponji ukiloa jasho na mchanga unakata kama msasa. Sisi tulikuwa tunaosha kila kituo.

Mzee wa Kwato:
Wa sponji. Na kituoni sikuusuuza, nilikuwa busy kuwatumia picha ya mapigo kwenye grupu.

kichwangumu:
😂😂😂 ndoo umepata lakini?

Mzee wa Kwato:
Nimepata. Ya kijani. Wife anaosha nayo mchele.